Kwa aliyeuliza kuhusu kozi ya nesi wa usingizi: siku niliyokaa kwenye kiti wifi yangu akivuja damu nje ya mlango

Wakuu, salamu kwenu, mlio kazini na mlio kwenye foleni za watu.

Juzi kuna mwenzetu aliuliza humu njia ya kuwa nesi wa usingizi, yaani yule anayekulaza kabla ya kupasuliwa. Alijibiwa vizuri. Ila mmoja akaandika kwamba hiyo ni kazi rahisi kuliko zote hospitalini: unadunga mtu, analala, halafu unakaa kwenye kiti ukingoja amalizwe kushonwa.

Nilicheka. Halafu kicheko kikakatika, nikazima simu nikaenda kufua nguo ambazo hazikuwa chafu.

Nimesoma forum hii miaka mingi bila kuchangia hata neno. Leo nachangia. Majina yote nimebadilisha na hospitali siitaji, lakini mambo yenyewe sijayatia chumvi. Kama umekuja kutafuta uzi wa kuchangamsha roho, pita tu, mwingine upo hapo juu.

Mimi ni mtoto wa Nakuru. Babangu alikuwa mtu wa reli, asili yetu ni magharibi. Nikaolewa huku milimani, upande wa Dundori, kwa watu wa viazi na ng'ombe wa maziwa. Baridi ya huku nilizoea pole pole. Watu wenyewe nilizoea haraka, walinipokea vizuri sana.

Sasa, njia yenyewe.

Kwanza unasomea unesi, unasajiliwa, unafanya kazi wodini mpaka miguu ikubali. Kisha unaomba ruhusa ya masomo kwa mwajiri. Hapo ndipo wengi hukwama, kwa sababu hakuna hospitali inayopenda kumwachilia nesi. Ukiruhusiwa, unaenda kwenye hospitali kubwa ya kufundishia, mwaka na zaidi. Unasoma dawa, moyo, mapafu, mashine. Unajifunza kuingiza mpira kwenye koo la mtu ambaye wewe mwenyewe umemfanya aache kupumua.

Hapo rudia kusoma, kwa sababu watu wengi hawajui.

Kuna upasuaji wa sindano ya mgongo, mama anakuwa macho na anapiga hata story. Lakini kuna ule wa usingizi mzito. Huo tunakupa na dawa ya kulegeza misuli, na misuli ya kupumua inalegea pia. Kuanzia hapo hupumui. Kuna mtu anakupumulia, na mtu huyo ndiye yule mnayesema amekaa.

Mwalimu wetu alikuwa mzee mkali, mfupi, wa kuvaa viatu vya mpira hata jua likiwaka. Alikuwa na mchezo wake. Unafanya mazoezi na yule mtu wa plastiki, unaminya mfuko wa hewa, halafu anamtuma mtu mlangoni aseme uongo. Chai iko tayari. Moto unawaka. Siku moja akamtuma mtu amwambie mwenzetu mmoja, "Mamako ako getini analia." Jamaa akaacha mfuko akageuka.

Mwalimu akamwambia, "Sasa mamako ako getini, na huyu amekufa. Haya, enda kwa mamako."

Tulicheka sana siku hiyo. Alitungoja tumalize, kisha akasema, "Ukishamlaza mtoto wa wenyewe, wewe ndio pumzi yake. Hutoki kichwani kwake mpaka akwambie jina lake na mdomo wake."

Hiyo ndiyo kozi yote, wakuu. Hayo mengine ni mitihani.

Lakini nisingeimaliza bila Wambui.

Wambui ni dada mdogo wa mume wangu, wifi yangu. Barua ya kukubaliwa chuoni ilinipata binti yangu Ciru akiwa ndiyo kwanza ameacha kunyonya. Nilikuwa nimeamua kukataa. Nilikuwa jikoni namenya viazi huku nalia, Wambui akaingia, akachukua kisu mkononi mwangu, akaendelea kumenya yeye.

Akasema, "Enda. Mtoto ni wetu sote."

Basi nikaenda. Ciru alilelewa mgongoni mwa Wambui, shambani, kwenye kukamua, kanisani. Nilipokuwa nikirudi likizo, mtoto alikuwa akinipita anamkimbilia shangazi yake. Nilijificha chooni nikalia. Wambui akaja kugonga mlango akinicheka: "Toka huko, wewe. Atakujua tu." Na kweli, alinijua.

Yeye mwenyewe alikuwa hajapata mtoto. Ameolewa na dereva wa lori za viazi, mtu mpole ambaye maisha yake ni barabarani. Walikuwa wametafuta kwa muda mrefu. Huku kwetu hilo halisemwi mbele yako, lakini kila mtu huwa analijua, na Wambui alijua kwamba wanajua.

Niliporudi na cheti changu, theatre ya hospitali yetu ilifunguliwa. Kabla ya hapo, kila mama aliyehitaji kupasuliwa alikuwa anateremshwa Nakuru. Mvua ikinyesha barabara ya kwetu inakuwa uji. Wengine walifika. Kwa hiyo mnaweza kuelewa furaha iliyokuwepo. Mama mkwe alitembea na habari yangu kama aliyeshinda kura. "Mama Ciru ndiye anawalaza." Watani wa sokoni wakaniuliza kama naweza kuwapimia usingizi kidogo wabebe nyumbani.

Nilikuwa peke yangu. Theatre moja, daktari mmoja, mtu wa usingizi mmoja. Niliomba wa pili. Nikaomba tena. Ofisini wakanijibu, "Si uko?"

Hayo maneno yashike, tutakutana nayo tena.

Kuna desturi yangu moja niwaambie, hata kama inaonekana ya kitoto. Kabla sijamlaza mtu, namuuliza nyumbani huitwa nani. Si jina la kadi, jina la nyumbani. Mtu akiwa kule chini usingizini, jina la kadi halisikii. La mamake analisikia. Wakati wa kumwamsha namwita hilo, na wengi hufungua macho mara ya kwanza.

Sasa tuje kwa shida yenyewe.

Sisi watu wa huku tuna ugonjwa mmoja. Kabla hujaenda hospitali, au ofisi yoyote ile, swali la kwanza ni, "Tuna mtu huko?" Ukiwa na mtu wenu ndani, umepona nusu. Bila mtu wenu, hata kukiwa na madaktari kumi, unahisi umetupwa. Ukoo mzima wa mume wangu walikuwa wamepata mtu, na mtu huyo ni mimi. Simu ilikuwa haipoi. "Mama Ciru, uko job leo? Nyanya anakohoa."

Kisha Wambui akapata mimba.

Sitaelezea furaha ya nyumba ile, sina nguvu. Niseme tu kwamba mama mkwe, mtu wa kanisa asiyejua kucheza, alicheza jikoni akiwa ameshika mwiko. Na mimi, kwa furaha hiyo hiyo, nikamshika Wambui mkono nikamwambia, "Siku yako ikifika, mimi mwenyewe nitakuwa kichwani kwako."

Alipokwenda kupigwa picha ya tumbo mjini, wakaona kondo la nyuma limekaa chini, limeziba mlango wa kizazi. Daktari akamwambia hawezi kuzaa kwa njia ya kawaida, atapasuliwa kwa tarehe atakayopangiwa, na akikaribia miezi yake akae Nakuru karibu na hospitali kubwa, kwa sababu anaweza kuanza kuvuja damu wakati wowote.

Nilifurahi aliambiwa mapema. Mamangu bado anaishi Nakuru, chumba kipo. Nikasema aende akae kwake.

Mama mkwe akaniangalia kama niliyemtukana. "Akae kwa watu na wewe uko hapa?"

Nikamweleza. Kwamba sisi tuna theatre moja. Kwamba damu yetu ya kuongezea watu ni kidogo, hutoka huko huko Nakuru. Kwamba niko peke yangu.

"Ndio nasema," akajibu. "Uko. Huko Nakuru tuna nani?"

Nikaenda kwa Wambui mwenyewe nikamsihi. Nikamwambia mume wangu amsihi. Wambui akatabasamu lile tabasamu lake la kumaliza maneno. "Ulisema utakuwa kichwani kwangu. Mimi sitaki mtu mwingine anishike." Tukakubaliana nusu kwa nusu: atashuka Nakuru wiki ya mwisho kabla ya tarehe yake.

Hiyo wiki haikufika.

Ilikuwa siku ya soko, mchana, mvua ya huku ile isiyo na haraka. Wauza mitumba wawili walimleta mwenzao hospitalini wamemshika makwapa. Alikuwa ameanguka juu ya nguo zake. Hakuwa mtu wa huku. Ni wa kule Sachangwan, anazunguka masoko na furushi la sweta. Wenzake wakamwacha kwenye benchi wakakimbia kufunika mali yao na yake isilowe. Siwalaumu, nani angewafunikia?

Mimba ilikuwa imetunga nje ya kizazi na imepasuka. Tumbo lote limejaa damu. Daktari wetu wakati huo alikuwa kijana mmoja ambaye ndevu zake hazijakubaliana ziote wapi, lakini mikono yake ilikuwa ya mtu mzima. Akamgusa tumbo mara moja, akaniangalia. "Huyu hatufiki naye Nakuru." Nilikuwa nimeshaanza kuvuta dawa kwenye sindano.

Mezani nikainama sikioni kwake. "Nyumbani unaitwa nani?"

"Cheptoo." Sauti ilikuwa inatoka mbali.

"Cheptoo, mimi niko hapa kichwani kwako. Siendi mahali."

Hilo huwa namwambia kila mgonjwa. Na siku hiyo nilisema.

Nikamlaza, nikaingiza mpira, nikaanza kumpumulia. Mashine yetu ile sehemu ya kupumulia yenyewe ilikufa zamani, kwa hiyo ni mkono. Unaketi kwenye stuli, mkono mmoja kwenye mfuko, unaminya, unaachia, unaminya, unaachia. Macho kwenye presha, kwenye rangi ya midomo, kwenye damu inayotoka. Daktari alikuwa ameshafungua tumbo. Nesi anayempa vyombo alikuwa ameshikilia tumbo lisijifunge. Wa nne wetu, Otieno, nilikuwa nimemtuma maabara kukimbilia damu.

Mlango wa theatre una kioo kidogo. Nikaona kitambaa cha kichwa cha mama mkwe.

Nikadhani ameniletea githeri, mahindi na maharagwe yake ya kuchemsha. Huwa anafanya hivyo siku za soko, akipita. Nikamwashiria kwa kichwa kwamba aweke nje.

Kisha nikaona leso aliyojifunga. Ilikuwa imelowa damu mpaka chini.

Mlango ukafunguka kidogo. Ilikuwa Moraa, mkunga wetu. "Mama Ciru, ni Wambui. Anavuja vibaya. Mishipa yote imelala, nimedunga kila mahali, sipati. Kuja umwekee laini ya dripu tu. Dakika moja."

Mimi ndiye niliyekuwa nikiitwa kwa mishipa migumu, hospitali nzima. Mtoto mchanga, mzee, mtu aliyekauka, wanasema mwite Mama Ciru. Naingia, napata, natoka. Ni kweli, labda ilikuwa dakika moja.

Wakuu, mtu aliyelegezwa misuli, mwenye damu kidogo hivyo, akikosa hewa hiyo dakika moja moyo wake unaweza kusimama.

Mama mkwe akamsukuma Moraa kando. "Mama Ciru! Si huyo umeshamdunga? Si ameshalala? Kuja!"

"Siwezi, mum."

"Huwezi nini, na umekaa?"

Na kweli nilikuwa nimekaa. Angeona nini kingine? Daktari ameinama, jasho linamtoka, mikono ina damu hadi kwenye kiwiko. Yule anafanya kazi, mtu yeyote anaona. Mimi nimekaa kwenye stuli, mkono mmoja unaminya kitu kama mpira wa mtoto. Mkono huo ndio uliokuwa mapafu ya Cheptoo, lakini kwenye kioo hilo halionekani.

Nikamwambia Moraa kwa kelele: mwinue miguu, jaribu shingoni, jaribu kwenye kifundo cha mguu, ita ambulensi saa hii, msitungojee, chukueni damu maabara mwende nayo. Nilipiga kelele mpaka daktari akashtuka. Moraa akakimbia.

Mama mkwe hakukimbia. Alibaki pale kwenye kioo. Sijawahi kuona mtu akiniangalia hivyo, na naomba wasiangaliwe hivyo hata maadui zangu.

Najua mtauliza. Otieno aliporudi na damu, kwa nini sikumpa mfuko aendelee? Nimejiuliza hilo mara nyingi kuliko ninyi nyote mtakavyoniuliza. Aliporudi, moyo wa Cheptoo ulikuwa umeanza kupungua mwendo. Mkono wangu mmoja ulikuwa kwenye mfuko, mwingine unampa dawa, na Otieno alikuwa anakamua damu iingie kwa nguvu. Kila mkono uliokuwa mle ndani ulikuwa umemshika Cheptoo. Hakuna uliobaki.

Nikasikia ambulensi ikiwaka. Nikasikia ikigeuza, ikitoka getini. Nikaendelea kuminya.

Tulimaliza. Daktari akafunga tumbo. Presha ikapanda, midomo ikarudisha rangi. Nikaanza kumwita, "Cheptoo. Cheptoo, fungua macho." Akafungua, akakohoa, nikatoa mpira. Nikamuuliza, "Unaitwa nani?"

"Cheptoo," akasema. Halafu, "Sweta zangu ziko wapi?"

Sote tulicheka. Mimi pia. Nilikuwa bado sijapigiwa simu.

Wambui hakufika Nakuru. Yeye na mtoto, wote. Moraa alipata mshipa wa shingo, lakini alikuwa amechelewa, na barabara ni ile mnayoijua. Alikuwa naye mpaka mwisho. Muda mrefu Moraa alikataa kunieleza chochote, halafu siku moja akiwa amechoka akaniambia. Kwamba Wambui aliuliza, "Mama Ciru amemaliza?" Na yeye akamjibu, "Anamaliza. Anakuja."

Nimewaambia huu sio uzi wa kuchangamsha.

Kwenye matanga, mama mkwe hakunitukana. Afadhali angenitukana. Alikuwa akieleza kila aliyekuja kumpa pole, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Alikuwa amekaa. Nilimwona na macho yangu. Amekaa." Maneno yakatembea. Nilipita dukani nikasikia mtu akimwambia mwenzake kwamba mimi ndiye yule aliyekaa. Mtu mmoja wa ukoo akasema nilikuwa nikipokea simu. Mwingine akaongeza kwamba sisi watu wa kutoka mbali damu yetu ni nyingine.

Mume wangu aliniuliza mara moja tu. "Hata dakika moja haingewezekana?"

Nikamwambia, "Haingewezekana."

"Sawa," akasema. Tangu siku hiyo amebaki na hiyo sawa. Chakula kiko tayari, sawa. Nimechelewa, sawa. Hajanipiga, hajanifukuza, hajanigeuzia mgongo. Amebaki tu na sawa.

Na mama mkwe aliacha kuniita Mama Ciru. Sasa ananiita sista, kama mgonjwa yeyote anayeita nesi asiyemjua. "Sista, maziwa yako yako mlangoni." Tunaishi boma moja.

Ciru alimuulizia shangazi yake kwa muda mrefu. Alikuwa akienda kusimama kwenye lango la kule kwa Wambui na kurudi. Sasa ameacha.

Niseme wazi, nisije nikaeleweka vibaya. Sijutii nilichofanya mezani. Nilifanya sawa. Wakinirudisha kwenye kile kiti leo, na Wambui mlangoni, nitakaa tena. Hilo ndilo linalonimaliza. Kama ningekuwa nimekosea ningeomba msamaha, nipewe au ninyimwe, nijue moja. Lakini utaombaje msamaha kwa jambo ambalo ungelifanya tena? Nimejaribu mbele ya mama mkwe, nikaishia kuuliza kama ng'ombe wamekamuliwa.

Nilirudi ofisini baada ya mazishi. Nikawaambia yaliyotokea yanaweza kutokea tena wiki ijayo kwa mama wa mtu mwingine. Tunahitaji mtu wa pili. Mkubwa akanipa pole, akanipa pole ya kweli, macho yake yalikuwa mekundu. Halafu akasema wataangalia, lakini kwa sasa, "Tushukuru Mungu angalau wewe uko."

Bado niko peke yangu.

Sasa kuna hili jingine, na ndilo lililonileta humu.

Nilipokuwa kwenye matanga Cheptoo alikuwa wodini. Akapona, akaruhusiwa, akaenda zake. Hakuwahi kuniona usoni, na siku ile nilikuwa na barakoa na kofia. Kwake yeye mimi sipo.

Miezi ikapita. Siku moja ya soko nikaenda kumtafutia Ciru sweta, baridi ilikuwa imezidi. Nikainama kwenye lundo, nikasikia sauti, "Customer, angalia hii, ni grade one, haijatoka uzi hata moja." Nikainua macho. Alikuwa amenenepa. Alikuwa mzima kabisa.

Nilitaka kumwita. Jina lilikuja mpaka kwenye meno. Yeye akaona nimeganda, akadhani ni bei. Akacheka, akapunguza bila kuombwa, akanitupia na soksi za mtoto juu. "Hiyo ni ya kukuonyesha roho safi, mathe. Utarudi."

Nikachukua sweta nikaondoka. Siri ya mgonjwa ni siri ya mgonjwa. Na hata bila hiyo, ningemwambia nini? Kwamba wewe uko hapa kwa sababu mtu mwingine hayuko? Hana kosa. Alikuwa anauza sweta tu.

Ciru akaivaa. Mama mkwe akaishika shika mkono, yeye ni mtu wa kupenda kitu kizuri. "Sista, hii ulitoa wapi?"

Nikamwambia. Ningemwambia nini kingine? Nikasema kwa yule mama anayekaa karibu na geti la soko.

Siku ya soko iliyofuata akaenda. Akarudi na sweta yake, ya zambarau, na soksi za kuongezewa. Na alikuwa anatabasamu. Wakuu, tangu Wambui azikwe sikuwa nimeona meno ya mama yule. "Huyo msichana anajua kuongea," akasema. "Ananiita mami."

Sasa huenda kila siku ya soko. Wakati mwingine hanunui kitu, anakaa naye kwenye gunia wanapiga story. Humbebea githeri, lile githeri langu. Nimepita mbali nikawaona wanacheka, mmoja ameshika bega la mwenzake. Nilisimama nyuma ya mahindi ya kuchoma nikawatazama mpaka muuzaji akaniuliza kama nanunua au nanusa.

Sikujua nilie au nishukuru. Nikanunua hindi.

Kwa ndugu aliyeuliza kuhusu kozi: kozi ni nzuri. Isome. Watu wanaopona mikononi mwako ni wengi na hawatakujua, zoea hilo mapema. Lakini kabla hujarudi na cheti, uliza mtakuwa wangapi. Wakikuambia ni wewe peke yako, na wakakusifu kwa hilo, ujue siku itafika ambapo watu wawili watahitaji mkono mmoja, na mmoja wao atakuwa wako. Na wenye familia: mtu wenu akiwa ndani, msikie anachowaambia. Sisi tulikuwa na mtu wetu, na kwa kuwa alikuwa wetu, hakuna aliyemsikia.

Soko lililopita, mama mkwe aliporudi, hakwenda nyumbani kwake moja kwa moja. Akaja jikoni kwangu. Hajaingia humo tangu matanga. Akaketi.

"Sista," akasema, "kumbe yule msichana wa sweta alipasuliwa hapo kwenu. Anasema alikuwa amekufa kabisa. Anasema daktari wenu ana mikono ya Mungu."

Nikaendelea kumenya viazi.

"Wewe ulikuwa huko?"

Nikamwambia, "Nilikuwa, mum. Nilikuwa nimekaa."

Akaniangalia, akaangalia mikono yangu. Kisha akainuka akaenda kulala, na maziwa ya asubuhi aliyaacha mlangoni bila kuniita sista wala jina lolote.

Hajaniuliza ilikuwa siku gani. Lakini Cheptoo anaijua siku hiyo, na ni mtu wa kuongea. Sijui kama nitangulie mimi nimwambie mama mkwe, nimwondolee mtu mmoja anayemchekesha, au ninyamaze na kungoja. Mwenye mawazo aniandikie hapo chini, na tafadhali asikawie.

Kesho ni siku ya soko.